Kupasuliwa tena au kutuliza maumivu bila kisu: ulinganisho kwa mwenye mishikamano ya tumbo

Mtu aliyewahi kupasuliwa tumbo, kidonda kikafunga vizuri kwa nje, anaweza kuanza kuumwa miezi au miaka baadaye, pale pale kwenye kovu au jirani yake. Vipimo vinarudi safi. Hatimaye daktari mmoja anamwambia kwamba huenda ndani kuna mishikamano, yaani makovu yaliyounganisha utumbo na utumbo, au utumbo na ukuta wa tumbo. Kuanzia hapo ana njia mbili. Arudi chumba cha upasuaji makovu hayo yakatwe, au ayatulize maumivu kwa dawa, chakula, mazoezi na mpangilio mpya wa siku.

Mimi ni mmoja wa wanaoishi na hali hii, na msimamo wangu nausema mapema ili usome ukiujua. Kama shida yako ni maumivu peke yake na utumbo haujawahi kuziba, anza na njia isiyo ya kisu, uipe nafasi ya kweli, ndipo ufikirie kupasuliwa. Zipo hali ambazo msimamo huu haufai, nazo nitazitaja.

Ila kuna hali ambayo haina mjadala. Tumbo likikunyonga kwa mawimbi, likajaa na kuvimba, ukatapika tena na tena, choo kikakataa na hata hewa isipite, huo ni utumbo kuziba mpaka ithibitike vinginevyo. Nenda hospitali saa hiyo hiyo. Maumivu yakiacha kuja kwa mawimbi yakawa makali mfululizo, ukapata homa na moyo kwenda mbio, huenda kipande cha utumbo kimekosa damu, na hapo kila saa ina thamani. Usinywe dawa ya kuendesha ukidhani ni choo kigumu tu.

Kinachotokea ndani

Utumbo na kuta za tumbo vimefunikwa na utando laini, wenye unyevu, unaoviwezesha kuteleza bila kukwaruzana. Daktari anaposhika, anapokata, anaposhona, au hewa inapoukausha utando huo tumbo likiwa wazi, sehemu zake huumia. Ndani ya saa chache mwili humwaga fibrini, protini inayonata, ili kuziba jeraha. Kwa kawaida fibrini hiyo huyeyushwa ndani ya siku chache, na utando hujijenga upya kwa takriban wiki moja. Isipoyeyuka kwa wakati, seli za kutengeneza kovu huingia na kuigeuza kamba ngumu ambayo baadaye huota mishipa ya damu na hata neva.

Upasuaji si chanzo pekee. Kidole tumbo kilichopasuka, maambukizi ya nyonga kwa wanawake, endometriosisi (tishu inayofanana na ya ndani ya mji wa mimba kuota nje yake), kifua kikuu cha tumbo na tiba ya mionzi vyote vinaweza kuacha makovu ya aina hii kwa mtu ambaye hajawahi kuguswa na kisu.

Jambo linalobadilisha ulinganisho wote ni hili: baada ya upasuaji wa kufungua tumbo, zaidi ya watu 9 kati ya 10 hupata mishikamano ya kiasi fulani, na wengi wao hawasikii chochote maisha yao yote. Kwa hiyo kuwa nayo hakuthibitishi kwamba ndiyo inayokuuma. Kuna watu ambao tumbo lao ndani limeshikana karibu lote na wanalala vizuri, na kuna mwingine ambaye kamba moja nyembamba inayovuta utumbo inamnyima usingizi. Wingi wa makovu hauendi sambamba na ukali wa maumivu.

Kabla ya kuchagua, hakikisha ni yenyewe

Hapa ndipo watu wengi wanaharakishwa, na hapa ndipo ningependa ukae muda mrefu zaidi.

Kuna kipimo kisichohitaji mashine. Unalala chali, daktari anatafuta kwa ncha ya kidole sehemu inayouma zaidi na kuibonyeza. Akiwa bado ameibonyeza, unakunja mikono kifuani na kunyanyua kichwa na mabega kutoka kitandani, misuli ya tumbo ikakaza. Maumivu yakipungua, chanzo huenda kiko ndani, kwa kuwa misuli iliyokaza imekikinga. Yakibaki vile vile au yakizidi, chanzo kina uwezekano mkubwa wa kuwa kwenye ukuta wa tumbo wenyewe, si kwenye utumbo. Kipimo hiki kinaitwa cha Carnett na kimejulikana tangu miaka ya 1920, lakini bado kuna wagonjwa wanaozunguka kwa miaka bila mtu kuwafanyia.

Kinachopatikana mara nyingi kwa namna hiyo ni neva ndogo ya ukuta wa tumbo iliyobanwa, pengine ndani ya kovu la upasuaji wa zamani. Mtu huonyesha mahali pa maumivu kwa kidole kimoja, na ngozi ya juu yake huwa inauma hata ikifinywa kidogo au kuguswa na nguo. Sindano ya ganzi mahali hapo inaweza kuyazima maumivu ndani ya dakika chache, na kwa baadhi ya watu nafuu hiyo huendelea baada ya ganzi kuisha. Fikiria mtu wa namna hii akipelekwa kukatwa mishikamano! Atakuwa amepewa jeraha jipya kwa tatizo ambalo halikuwa ndani ya tumbo.

Daktari anapaswa pia kuangalia ngiri kwenye kovu, endometriosisi, mawe ya nyongo, na utumbo unaosumbua bila kuwa na ugonjwa unaoonekana. Ultrasaundi ya kawaida na kipimo cha CT haviioni mishikamano yenyewe vizuri, ingawa CT huonyesha utumbo ulioziba. Kuna MRI ya aina maalumu inayorekodi utumbo ukiteleza wakati mgonjwa anavuta na kutoa pumzi kwa nguvu. Pale ambapo viungo vimegoma kuteleza, hapo pameshikana. Haipatikani kila mahali, lakini ikiwepo inamsaidia sana daktari kujua aelekee wapi na asiguse wapi.

Upande wa kisu

Hoja ya upasuaji inaeleweka hata kwa mtoto: kama kamba ndiyo inayovuta, ikate. Siku hizi kazi hiyo hufanywa zaidi kwa matundu madogo na kamera, njia inayojeruhi utando kidogo kuliko kufungua tumbo zima na inayomruhusu mgonjwa kusimama mapema.

Tatizo ni kwamba kila kukata ni jeraha, na jeraha ndilo lililozaa makovu hapo awali. Yaliyokatwa yanaweza kurudi mahali pale pale, na mengine kuota mahali papya.

Utafiti ninaoufikiria kila mtu anapoulizia suala hili ulifanywa Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2003. Wagonjwa 100 wenye maumivu ya muda mrefu waliingizwa kamera tumboni na wote wakakutwa na mishikamano. Hapo hapo ikaamuliwa kwa bahati nasibu: wagonjwa 52 mishikamano yao ikatwe, 48 iachwe ilivyo. Wagonjwa hawakuambiwa wako kundi gani. Baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu kubwa, na hapakuwa na tofauti ya maana kati yao. Waliokatwa na wasiokatwa waliamka wakiwa na matundu yale yale na matumaini yale yale, na maumivu yakashuka kwa wote. Wagonjwa hao walipofuatiliwa tena baada ya miaka 12, waliokatwa ndio waliokuwa katika hali mbaya zaidi kwa upande wa maumivu na haja ya kupasuliwa tena.

Haina maana kwamba nafuu yao ilikuwa ya kujidanganya. Maumivu ya muda mrefu hupanda na kushuka yenyewe, mtu huenda kupasuliwa akiwa kwenye kilele, na kule kuonwa ndani kisha kuambiwa kwamba hakuna saratani kunapunguza hofu ambayo nayo ilikuwa inayachochea. Lakini ni lazima ulijue hili kabla ya kusaini fomu, kwa sababu ushuhuda wa mtu aliyepona miezi 3 baada ya kukatwa hauwezi kukuambia atakuwaje baada ya miaka.

Hatari kubwa ya moja kwa moja ni kutobolewa utumbo bila kukusudia. Katika utafiti mmoja wa watu waliofunguliwa tumbo kwa mara nyingine, ilitokea kwa karibu mmoja kati ya watano, na kadiri mtu alivyokuwa amepasuliwa mara nyingi kabla, ndivyo hatari ilivyopanda. Tundu likionekana na kushonwa pale pale, mgonjwa huchelewa kutoka hospitali. Lisipoonekana, uchafu wa utumbo huvuja tumboni na hiyo ni dharura ya kuua.

Upasuaji una mahali pake halali. Mtu ambaye utumbo wake huziba mara kwa mara, aliyekwisha kulazwa na kuwekewa mpira wa puani wa kutoa vilivyojaa tumboni zaidi ya mara moja, ana sababu nzito. Mishikamano ndiyo chanzo kikuu cha utumbo mwembamba kuziba, na kwa huyo swali si maumivu tena. Kuna pia mtu mwenye sehemu moja inayojulikana, imeonekana kwenye MRI, inalingana na mahali anapoumia, na kipimo cha Carnett kimeelekeza ndani. Na kuna mwanamke anayetafuta ujauzito ambaye mirija yake imevutwa na makovu. Huyo anapima mambo mengine kabisa, na daktari wa uzazi anapaswa kuwa kwenye mazungumzo tangu mwanzo.

Upande usio wa kisu

Njia hii haikati chochote, na hakuna dawa ya kumeza wala ya mitishamba iliyothibitishwa kuyeyusha mishikamano iliyokomaa. Anayekuuzia chupa ya kuiyeyusha anakuuzia matumaini. Kinachofanyika hapa ni kupunguza mvutano, kupunguza kasi ya neva, na kurudisha siku yako mikononi mwako.

Paracetamol ndiyo hatua ya kwanza, kwa mtu mzima isizidi gramu 4 ndani ya saa 24, na pungufu kwa mwenye ini dhaifu. Ibuprofen na jamii yake husaidia wengine, lakini zikinywewa kila siku kwa miezi zinaleta vidonda vya tumbo na kuumiza figo. Kwa maumivu yanayochoma au kupiga kama umeme, dawa za neva huwa na faida zaidi. Amitriptyline huanza kwa kipimo kidogo, mara nyingi miligramu 10 usiku, na huhitaji wiki kadhaa kabla ya kuhukumiwa. Watu wengi huiacha siku ya nne kwa sababu ya kinywa kukauka na usingizi mzito asubuhi, wakati ndiyo kwanza haijaanza kazi. Inaweza pia kukausha choo, na kwa tumbo lililoshikana hilo si jambo dogo, kwa hiyo mwambie daktari mapema. Gabapentin na pregabalin huleta kizunguzungu na hazikatizwi ghafla.

Dawa za jamii ya afyuni, yaani kodeini, tramadoli na mofini, nina wasiwasi nazo kuliko zote. Kwa siku mbili tatu za shambulio kali zinaokoa. Kwa miezi, hupunguza mwendo wa utumbo, choo hufunga, tumbo hujaa, maumivu huongezeka, na mgonjwa huongeza kipimo. Kuna hali inayojulikana kitabibu ambapo dawa hizo zenyewe ndizo zinazozalisha maumivu ya tumbo, nayo hutibiwa kwa kuzipunguza taratibu chini ya uangalizi. Kama uko kwenye mzunguko huo, huna kosa lolote. Ulipewa dawa ukainywa.

Chakula ni eneo ambalo ushauri wa jumla huumiza watu wetu. Kila mtu mwenye choo kigumu huambiwa ale nyuzinyuzi nyingi. Kwa mwenye sehemu ya utumbo iliyobanwa, maganda, mbegu na nyama zenye nyuzi ngumu vinaweza kukwama hapo. Kinachosaidia wengi ni milo midogo midogo mara 5 au 6 kwa siku badala ya mitatu mikubwa, chakula kilichoiva kikalainika, kutafuna mpaka kiwe uji kabla ya kumeza, na maji ya kutosha kutwa nzima. Siku ambazo tumbo linaanza kukaza, watu hurudi kwenye vyakula laini au vya maji kwa siku moja mbili, kisha hupanda polepole. Ukiona uzito unapungua, usiendelee peke yako, tafuta mtaalamu wa lishe.

Kuhusu mwili, mtaalamu wa tiba ya viungo anaweza kukufundisha kupumua kwa tumbo, kulegeza sakafu ya nyonga (misuli ya chini inayoshikilia kibofu na njia ya haja), na kuinuka kitandani kwa kujiviringisha ubavu kwanza badala ya kujikunja kwa misuli ya mbele. Kukanda kovu la nje lililokwisha kupona huwapa wengine nafuu. Ukandaji wa kina unaodai kuachanisha mishikamano ndani una ushahidi mchache na tafiti ndogo. Usifanyiwe kamwe wakati tumbo limekaza. Chupa ya maji ya moto ni rafiki mwema ikiwa imefungwa kitambaa. Ukianza kuona mabaka ya kahawia yenye umbo la wavu kwenye ngozi, joto limezidi, punguza.

Kisha kuna kupima nguvu zako. Siku nzuri humdanganya mgonjwa afanye kazi zote zilizolala, na siku mbili zinazofuata hawezi kuinuka. Daftari husaidia kuliona hilo. Lisiwe na mengi: saa, maumivu kwa namba 0 hadi 10, ulichokula, choo, dawa, ulichofanya. Ukurasa mmoja unaweza kusomeka hivi: “Saa mbili asubuhi, 3, uji. Saa sita, 4, choo kidogo. Saa tisa, 7, niliinama kufua kwa saa nzima. Saa tatu usiku, 6, nimekunywa dawa.” Baada ya wiki chache utaona kwamba si kila maumivu yanatoka kwenye chakula kama ulivyodhani, na daktari atakusikiliza tofauti ukimfungulia daftari hilo.

Tiba ya mazungumzo na mwanasaikolojia hukataliwa na wengi kwa sababu wanahisi wanaambiwa maumivu yao ni ya kufikirika. Si ya kufikirika. Maumivu yakikaa muda mrefu, uti wa mgongo na ubongo hujifunza kuyakuza, na mguso ambao zamani haukuuma sasa unauma. Mafunzo ya kulala vizuri, kushughulika na hofu na kurudi kwenye shughuli kidogo kidogo yanafanya kazi kwenye mfumo huo huo wa neva ambao dawa zinaulenga.

Ukiziweka njia hizi ubavu kwa ubavu

Kwa kasi, kisu kinashinda machoni pa mgonjwa: tarehe inajulikana, kazi inafanyika siku moja. Njia nyingine huhitaji wiki kadhaa kabla hujajua kama imesaidia, na ni ya kuchosha, kwa sababu mzigo wa kila siku uko kwako. Hili halisemwi vya kutosha. Kuna watu walioishiwa nguvu ya kubeba mzigo huo, na hamu yao ya kupasuliwa ni ombi la kupumzika. Mtu huyo anahitaji msaada nyumbani na kliniki ya maumivu kabla hajahitaji kitanda cha upasuaji.

Kwa kudumu, ushahidi wa miaka mingi hauko upande wa kisu pale ambapo maumivu ndiyo sababu pekee. Kwa utumbo unaoziba, mizani inageuka. Kwa hatari, tofauti ni kubwa: dawa zina madhara yanayoonekana polepole na mengi hurudi nyuma ukiziacha kwa utaratibu, ilhali tundu la utumbo halirudi nyuma.

Na kuna jambo la kurudi. Ukianza bila kisu, upasuaji bado utakuwepo mwakani. Ukianza na kisu, huwezi kurudi kwenye tumbo ulilokuwa nalo. Kwangu mimi hili ndilo lenye uzito kuliko yote.

Ukiamua kupasuliwa

Usikimbilie wiki za mwanzo baada ya upasuaji uliotangulia, isipokuwa ni dharura. Wakati huo makovu ni mabichi, yanavuja damu, na madaktari wenye uzoefu hupendelea kusubiri miezi kadhaa yalegee.

Muulize daktari amefanya kazi hii mara ngapi, na atafanya nini akikuta pameshikana vibaya: ataendelea, ataacha, au atafungua tumbo? Muulize kama atatumia kizuizi, yaani utando mwembamba wa hyaluronate au wa selulosi unaolazwa juu ya jeraha, au kimiminika cha icodextrin cha asilimia 4 kinachoachwa tumboni ili viungo visigusane siku za mwanzo. Vizuizi hivi hupunguza mishikamano mipya lakini haviizuii yote. Muulize pia ni nini atakachokihesabu kuwa mafanikio baada ya miezi 12, na kama jibu lake linafanana na lako.

Baadaye, omba nakala ya ripoti ya upasuaji inayosema alikuta nini, wapi, na alikata nini. Iweke pamoja na daftari lako, na uipeleke kwa kila daktari atakayekuona, hata yule wa ganzi kabla ya upasuaji usiohusiana kabisa na tumbo hili.